Maswali na Majibu: Mlango wa Wataalamu una Makomeo Mangapi?

Maswali ya safari hii karibu yote yametoka kwa watu wenye fani zao wanaotaka kwenda kufanya kazi ughaibuni. Nimeyafupisha, na majina nimeyaacha.

Marekani inalia kila siku kwamba haina wahandisi wa programu wa kutosha. Rafiki yangu ana shahada na mwajiri anamsubiri, lakini viza ameikosa mara mbili. Kosa lake nini?

Hana kosa. Amekosa bahati, tena bahati yenyewe ile ya kupiga kura. Viza ya H-1B, ile ya kazi kwa wataalamu wanaoajiriwa Marekani, iliyozaliwa na sheria ya mwaka 1990, ina nafasi mpya 65,000 kwa mwaka, na nyingine 20,000 za waliosomea shahada ya uzamili au zaidi hukohuko Marekani. Waombaji huzidi nafasi hizo mara kadhaa, na kwa miaka mingi aliyeamua ni kompyuta ya bahati nasibu. Mwenye alama za juu na aliyepita kwa kusukumwa waliingia kwenye chungu kimoja. Kisha Septemba 2025 Rais Trump akatia saini tamko la kumtaka mwajiri alipe dola 100,000 kwa ombi jipya la mfanyakazi aliye nje ya nchi. Kampuni kubwa inaweza kuuma meno ikalipa. Ile ndogo iliyompenda rafiki yako itafikiri mara mbili.

Hapo pana jambo watu hulipita haraka. Kuna serikali zinazomwachia mwajiri achague, zenyewe zikabaki kuhesabu nafasi. Marekani ni ya kundi hilo. Nyingine, kama Kanada, humpima mwombaji zenyewe kwa pointi. Jua kwanza uko mbele ya mlango wa aina gani ndipo uanze kupoteza hela za mitihani.

Nina miaka 38, sijaoa, ni mhandisi wa umeme mwenye shahada moja na uzoefu wa miaka minane. Nimeshauriwa nimalize kwanza shahada ya uzamili, miaka miwili, ndipo niombe Kanada. Kiingereza changu kiko kiwango cha 8 katika vipimo vyao.

Aliyekushauri anakupenda, ila hakupiga hesabu. Tuipige pamoja.

Katika mfumo wa Express Entry, ambao Kanada huutumia kuchagua wahamiaji wenye ujuzi tangu Januari 2015, umri una pointi zake. Mtu asiye na mwenzi hupata 110 akiwa kati ya miaka 20 na 29, kisha zinaanza kumomonyoka. Wewe leo una 61. Ukifika 40 zitakuwa 50, na ukifika 45 ni sifuri. Shahada ya uzamili itakupandisha kutoka 120 hadi 135 kwenye elimu, na itaongeza 12 pale wanapounganisha elimu na lugha. Hizo ni 27. Toa 11 zitakazoliwa na umri wakati unasoma: zinabaki 16. Miaka miwili na ada yote, kwa pointi 16.

Sasa tazama upande wa lugha. Ukipanda kutoka kiwango cha 8 hadi cha 9 katika kusoma, kuandika, kusikiliza na kuzungumza, unapata pointi 8 kwa kila stadi, yaani 32. Uzoefu wako ukiunganishwa na lugha unapanda kutoka 25 hadi 50, na shahada yako ikiunganishwa na lugha inapanda kutoka 13 hadi 25. Jumla ni 69. Na kwa mtihani wa Kiingereza wa IELTS, umbali kati ya viwango hivyo viwili ni nusu alama katika kila stadi. Nusu! Tafuta mwalimu mzuri wa kuandika insha, maana hapo ndipo wahandisi wengi hukwama, kisha rudia mtihani.

Ukiwa na moyo wa kujifunza Kifaransa hadi kiwango cha 7 katika stadi zote, ongeza 50 nyingine. Tangu 2023 kuna pia duru maalumu za kuwaalika wanaokijua, na mara nyingi pointi zinazotakiwa humo ni chache kuliko kwenye duru za kawaida.

Wakala ananiuzia barua ya ajira ya Kanada, anasema inaongeza pointi 50.

Iliongeza. Pointi za barua ya ajira zilifutwa tarehe 25 Machi 2025, na sababu mojawapo ni biashara hiyohiyo anayokuletea. Kama umeshamlipa, dai chako.

Mimi ni dada mwenye stashahada ya uuguzi na miaka sita ya kazi. Nikipata ile kadi ya fursa ya Ujerumani, naanza wodini moja kwa moja?

Hapana, dada yangu, na ninatamani watangazaji wa kadi hiyo wangelisema hili kwa sauti ileile wanayotangazia. Kadi hiyo, kwa Kijerumani Chancenkarte, iliyoanza tarehe 1 Juni 2024, inakuruhusu kuingia na kutafuta kazi kwa mwaka mmoja ukifikisha pointi 6 na kuonyesha kwamba una fedha za kujikimu. Wakati unatafuta unaweza kufanya kibarua cha saa 20 kwa wiki. Lakini uuguzi ni fani ya leseni. Ofisi ya uhamiaji inaweza kukukaribisha, na mamlaka ya jimbo inayotoa leseni ikakwambia cheti chako bado hakijalingana na cha kwao. Ni wakuu wawili tofauti, na wa kwanza hamwamrishi wa pili.

Kwa sera zote za namna hii, lawama yangu kubwa iko hapa. Serikali inamhesabia mtu pointi kwa sababu ya fani yake, halafu akishatua anazuiwa kuifanya.

Njia inayokufaa zaidi ni ile iliyofunguliwa Machi 2024. Unapata mkataba na mwajiri, unaingia na Kijerumani cha kiwango cha A2 (cha mazungumzo ya msingi), unafanya kazi kama msaidizi huku utambuzi wa cheti ukiendelea. Mamlaka itakuandikia barua yenye orodha ya kilichopungua, na utakifidia kwa kozi ya kujazia au kwa mtihani. Kwa leseni kamili kwa kawaida watataka Kijerumani cha B2 (ngazi mbili juu ya A2), kwa hiyo madarasa ya lugha yaanze leo, kabla ya mkataba.

Huu si wizi wa wauguzi wa nchi maskini?

Kuna ukweli ndani yake. Shirika la Afya Duniani lilitoa kanuni za maadili mwaka 2010, na orodha yake ya 2023 ina nchi 55 zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, zikiwemo Nigeria, Ghana na Zimbabwe. Uingereza inawakataza waajiri wake kwenda kusaka watu katika nchi hizo, ila muuguzi anayeomba mwenyewe hazuiwi. Wengine wanauita unafiki. Mimi naona kumfungia mtu mlango kwa sababu hospitali ya kwao haimlipi vizuri ni kumwadhibu asiye na kosa. Anayestahili kubanwa ni anayenufaika, achangie gharama za kumfundisha muuguzi mwingine.

Mbona Uingereza nikikaribia kufikisha masharti, yanapanda?

Kwa sababu ngazi yenyewe inavutwa juu. Mshahara wa chini wa jumla kwa viza ya mfanyakazi mwenye ujuzi ulikuwa pauni 26,200, ukawa 38,700 Aprili 2024, ukawa 41,700 Julai 2025. Siasa za ndani zikichafuka, tarakimu hii ndiyo ya kwanza kuguswa.

Nina miaka 51. Nimechelewa?

Kwenye pointi za umri, ndiyo. Kanada hupati hata moja, na viza nyingi za ujuzi za Australia hufungwa ukifika 45. Ujerumani, aliyepita 45 anayeingia kikazi kwa mara ya kwanza huulizwa mshahara wa kiwango cha juu au uthibitisho wa pensheni. Marekani H-1B haiulizi umri kabisa. Kwa hiyo anza na waajiri, fomu za pointi ziweke kando.