Integer 10 na Long 10, mbona equals inasema false?

Swali: Habari mtaalamu. Kwenye Java nina Integer yenye 10 na Long yenye 10 (aina mbili za obyekti za namba nzima), nikizilinganisha kwa equals napata false, nikiweka == kompaila inagoma. Halafu kwenye Map yangu (orodha ya funguo na thamani zake) yenye funguo za Long nikiita get(10) inarudi null, yaani hakuna kitu, wakati 10 nimeiweka mwenyewe. Shida nini?

Jibu: Nzuri ndugu. Equals ya Integer kabla haijagusa thamani inauliza kwanza kama mwenzake naye ni Integer, akiwa Long jibu ni false hapohapo, 10 zenyewe hata haziangaliwi. Na == ikikuta obyekti pande zote mbili inauliza kama ni obyekti ile ile kwenye memori, sasa Integer na Long haziwezi kuwa kitu kimoja ndo maana kompaila inakataa, na bora ikatae, kwa sababu ungezitangaza zote kama Number, aina mama ya hizo mbili, ingepita kimya kimya ukapewa false tu.

Hiyo ya Map ndo inayonitia wasiwasi zaidi. Ukifanya put kompaila inakagua aina ya ufunguo, lakini get inapokea Object yoyote ile, kwa hiyo 10 yako inageuzwa kimya kimya kuwa obyekti ya Integer, inatafutwa kati ya funguo za Long, haipatikani, unapewa null na hakuna kosa lolote linaloonekana. Andika get(10L), hiyo L inaifanya iwe Long. Angalia na containsKey na remove, tabia ni hiyo hiyo.

Na hata Integer kwa Integer usitumie ==. Java inatunza tayari obyekti za -128 hadi 127, kwa hiyo 127 mbili zitakupa true na 128 mbili kwa kawaida false, unajaribu na namba ndogo kila kitu safi, ID zikikua programu inaanza kukosea.

Kama ni namba nzima fanya a.longValue() == b.longValue(), ila hakikisha kwanza hakuna null la sivyo utakula NullPointerException, kosa la kuita kitu kisichokuwepo. Tafadhali usikimbilie doubleValue, inayogeuza namba kuwa double (aina ya namba za desimali), kwa namba kubwa, ukipita 9007199254740992 double inaanza kuruka namba, ile inayoishia na 3 itaonekana sawa na hiyo kabisa.

Kukiwa na desimali geuza zote kuwa BigDecimal (aina inayotunza desimali kwa usahihi) kupitia toString, kisha compareTo uone kama inarudisha 0, yaani ziko sawa. Equals hapo hapana, kwake 2.0 na 2.00 ni vitu viwili tofauti.