Mdogo wangu anamaliza bugali, mimi ndiye ninanenepa

Wiki iliyopita mama mmoja wa Goma aliniandikia: "Dada, nakula mara moja kwa siku na bado nanenepa. Mume wangu anamaliza bugali ya watu wawili, mkanda wake ni ule ule wa siku ya ndoa. Mungu ananionea?" Nilicheka, kisha nikanyamaza. Maneno hayo niliyasema mwenyewe mwaka jana kwa fundi wa nguo hapa Bukavu, kikwembe cha harusi ya binamu kilipokataa kufunga mgongoni. Mdogo wangu alisimama kando, chake kinapwaya, anatafuna andazi la pili. Fundi akamwambia yeye, "Mama, umependeza." Mimi akaniambia, "Mama, nitaongeza kipande." Hicho kipande kinaniuma mpaka leo.

Nikaanza wiki sita za maji ya ndimu na lengalenga bila mafuta. Njaa yenyewe sitawasimulia. Zilitoka kilo saba, zikarudi tisa.

Nilisema umetaboli wangu, yaani ule moto wa mwili unaochoma chakula, umezimika kwa sababu nina miaka 38. Kumbe wapi! Mwaka 2021 mtafiti Herman Pontzer na wenzake walitoa vipimo vya watu zaidi ya 6,400: ukishahesabu ukubwa wa mwili, moto huo haupungui kati ya miaka 20 na 60. Tena mwili mkubwa, hata ukiwa umelala, kwa kawaida unachoma zaidi kuliko mwili mdogo. Nilikasirika kusoma hivyo, nilikuwa nimeshazoea kisingizio changu.

Kilichonifungua macho ni jaribio la mtafiti James Levine na wenzake, Marekani, 1999. Watu 16 waliongezewa kalori 1,000 kila siku kwa wiki nane. Kuna aliyeongeza mafuta chini ya nusu kilo, kuna aliyeongeza zaidi ya kilo nne. Walioongeza mafuta kidogo hawakuwa wanamichezo. Miili yao ilianza tu kuhangaika zaidi, kusimama, kuzunguka, kutotulia kitini.

Nikaanza kumchunguza mdogo wangu. Akikaa mezani, goti linaruka mpaka chai inamwagika kwenye kisahani. Simu ikilia anazunguka nyumba mara tatu ndipo aage. Soko la Kadutu anakwenda na kurudi kwa miguu, na kile kilima mnakijua. Mimi nauza unite za simu kutwa nzima juu ya kiti, jioni napanda pikipiki.

Na si juhudi peke yake. Mtafiti Claude Bouchard alilisha mapacha wa kufanana chakula cha ziada siku 84, matokeo akayachapisha 1990: wengine waliongeza kilo 4, wengine 13, ila pacha na pacha wake walikaribiana. Damu nayo ina sauti.

Kwa hiyo dada zangu, acheni kuchungulia sahani ya mwenzenu. Acheni kabisa! Vile vidonge vya kukondesha visivyo na jina, acheni pia. Nilimeza, moyo ukapiga ngoma hadi alfajiri. Kilo zikipanda ghafla na uchovu na kusikia baridi, munganga wa hospitali apime tezi ya shingo. Simameni, tembeeni. Nanyi wanaume mnaosema wake zenu wanakula kwa siri jikoni, mjiheshimu.

Jumapili niliteremka Kadutu kwa miguu, nikiimba. Wakati wa kupanda nilikaa chini mara mbili, hadi mama muuza ndizi akaniuliza kama aite mtu wa kunibeba.