Nyumba ya settler ikikuteka moyo, kumbuka bodi ya ardhi

Dada mmoja amenitumia picha juzi usiku, nyumba ya mawe ya enzi za settler, wale walowezi wazungu wa hapa Kenya, kule Molo, eka 15, jakaranda zimejipanga kutoka geti mpaka mlangoni, ananiuliza, "Nilipe dipositi ama ningoje?" Nilikosa usingizi, maana hiyo nyumba ni kama pacha wa ile tuliyoipoteza Njoro.

Tulikuwa mimi, kaka yangu na mkewe, tukitaka kufungua gesti na kukodisha bustani kwa harusi. Njoro ndiko mlowezi Lord Egerton alijenga kasri lake la vyumba 52, kuanzia 1938 mpaka 1954, na watu wanaenda huko kufunga harusi, kwa hivyo soko tuliliona. Siku ya kwanza mlinzi akatufungulia. Fayapleisi kubwa unaweza kuingia ukasimama, na kizingiti cha jikoni kimelika katikati kama sahani, miguu ya wapishi miaka na miaka. Nikamkumbuka nyanya yangu, alivuna pareto kwa shamba kama hilo na mlango wa mbele hakuwahi kuupita. Nikasema hapa lazima tuingie na ufunguo wetu.

Tukalipa dipositi ya asilimia 10 ya bei. Sasa hilo shamba ni ardhi ya kilimo, na sheria ya mwaka 1967 inataka bodi ya ardhi ikubali uuzaji, maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkapatana. Loya akatuambia ruhusa ya bodi itakuja tu, tulieni, nasi tukatulia, wikendi tunaenda kupima mahali pa hema. Miezi 6 ikapita bila maombi kupelekwa, na mwezi uliofuata mwenye shamba akapata mtu mwenye bei nzuri, tukaambiwa mkataba wetu umekufa. Ni kweli sheria inakuruhusu kudai pesa yako kama deni, hata mahakama inaweza kuongeza muda, lakini kudai ni kitu kimoja na kulipwa ni kingine. Mpaka leo tumerudishiwa nusu, na kaka yangu hapitii tena barabara ile.

Kwa hivyo dada, fanya sachi ya hati kwanza, uone kama kuna mkopo wa benki juu yake. Siku ya kusaini mkataba, fomu ya bodi isainiwe hapo hapo mezani na uifuatilie mwenyewe, usimwachie mtu. Uliza pia kama nyumba imetangazwa rasmi kuwa turathi, maana hapo hubomoi ukuta utakavyo. Na tafadhali peleka fundi juu ya paa. Vigae vya mtarakwa ukiwa chini vinapendeza, mimi nilishika kimoja kikavunjika mkononi kama biskuti, na paa lote lilikuwa hivyo, na bado nikalipa. Tusiwe watu wa kuonyeshwa bustani kwanza na makaratasi mwisho, tumeumizwa vya kutosha.

Dipositi usitume wiki hii. Nitumie namba ya hati tuanze na sachi.