Woti Yenye Maganda na Deli Lililoziba: Jinsi ya Kurudishia na Kusuuza Machicha

Swali: Naishi Minnesota, Marekani, na napika bia nyumbani kwa kutumia deli la lita 40 nililolifunga koki, na ndani yake nimelaza sahani ya matundu. Safari hii niliweka kilo 4 za kimea cha shayiri na kilo 1 ya kimea cha ngano, nikaloweka kwa saa moja katika nyuzijoto 67. Nilipofungua koki, woti, yaani yale maji matamu ya kimea, ilitoka ikiwa na maganda. Nikairudishia juu zaidi ya lita 10, lakini haikutakata. Nilipoanza kusuuza, yaani kumwagia machicha (mabaki ya kimea) maji ya moto ili kutoa utamu uliobaki, mtiririko ulipungua hadi ukakatika. Nilikoroga kila kitu, ukaanza tena ukiwa mchafu kuliko mwanzo. Je, nirudishie kiasi gani? Ninunue pampu? Na maji ya kusuuzia yawe na joto gani?

Jibu: Ndugu msomaji, nashukuru kwa maelezo yako, kwa sababu umetaja kila hatua na hivyo umerahisisha kazi ya kutafuta chanzo. Kwa maoni yangu, uchafu wa woti na kukatika kwa mtiririko si matatizo mawili. Ni tatizo moja la kasi: koki ilifunguliwa mno kabla machicha hayajatulia.

Ni kawaida kudhani kwamba sahani ya matundu ndiyo chujio. Kazi ya sahani ni kubeba mzigo tu. Chujio halisi ni machicha yenyewe, yaani maganda ya shayiri yanapolaliana na kuacha njia nyembamba ambamo woti hupita na unga hunaswa. Tabaka hilo huchukua muda kujijenga, nalo hujijenga vizuri pale tu woti inapopita polepole. Ukifungua koki yote mara moja, woti iliyo chini ya sahani huondoka haraka kuliko ile ya juu inavyoweza kupenya, na papo hapo hutokea mvutano unaoyanyonya machicha chini. Maganda hubanwa, unga hujaza nafasi zilizobaki kati yake, na njia hufungwa. Kabla ya kufungwa kabisa, mvutano huohuo huwa umekwisha kupitisha vipande vingi kwenye matundu, ndiyo maana ukaona uchafu kwanza na kuziba baadaye.

Utaratibu ninaokushauri ni huu. Saa ya kuloweka ikiisha, koroga uji wa kimea kwa mara ya mwisho, kisha uuache dakika 10 bila kuugusa. Fungua koki kidogo, robo ya mzunguko wake au pungufu, na upokee woti katika jagi la lita 2. Itazame kwenye mwanga. Jagi la kwanza litakuwa na maganda yanayozunguka na chembe nyeupe kama unga zitakazotuama chini baada ya dakika moja au mbili; la pili litakuwa na chembe chache, bila maganda; la tatu kwa kawaida huwa safi kiasi cha kutosha. Mimina kila jagi juu ya machicha polepole, ukipitishia kwenye sahani ndogo au kipande cha karatasi ya alumini kilichotobolewa, ili maji yasichimbe shimo katika tabaka. Wapo wanaosisitiza kumimina kwa upole kwa hofu ya hewa kuingia katika woti ya moto na kuharibu ladha ya bia baadaye. Jambo hilo wataalamu bado wanabishana, lakini hilo la kutochimba tabaka halina ubishi.

Kwa kilo 5 za kimea, lita 4 hadi 6 za kurudishia kwa kawaida zinatosha, nazo huchukua dakika 10 hadi 15. Usisubiri woti ing'ae kama chai ya rangi. Lengo la hatua hii ni kuzuia maganda yasiingie kwenye sufuria ya kuchemshia, kwa kuwa yakichemshwa hutoa tanini na kuipa bia ukakasi. Ukungu mwembamba wa protini hauna madhara, maana sehemu kubwa yake huganda na kuzama wakati wa kuchemsha.

Ikiwa baada ya lita 6 unaona bado vipande vya maganda, na si ukungu tu, basi acha kurudishia na ukague chombo. Sahani za matundu, hasa zile zilizobinuka kama kuba, huweza kuelea au kuinuka upande mmoja unapokoroga, na machicha yakapenya pembeni badala ya kupita juu yake. Angalia pia kama mpira unaounganisha sahani na koki haujachomoka. Kama ni ukungu mzito unaofanana na maziwa, tatizo laweza kuwa wanga ambao haukugeuka sukari: weka tone la woti, bila maganda, kwenye kisahani cheupe na uongeze tone la iodini. Likibadilika kuwa bluu iliyokolea au jeusi, wanga bado upo, na uji unahitaji muda zaidi katika joto lake. Kurudishia hakutausaidia.

Kuhusu pampu, jibu langu ni kwamba usinunue kwa sasa. Pampu inafaa sana kwa wenye mitambo inayozungusha woti muda wote wa kuloweka, lakini kwa mwenye tatizo la machicha kubanwa, huongeza mvutano uleule ulioleta shida. Siku ukiinunua, kumbuka kwamba kasi yake hudhibitiwa kwa koki iliyo upande wa kutokea. Ukiibana upande wa kuingilia, pampu hukosa maji, hunyonya hewa na kupiga kelele.

Tuje kwenye kusuuza. Aliyewahi kukamua nazi anaijua kanuni hii: tui la kwanza ni zito, lakini machicha bado yana utamu, hivyo huongezwa maji na kukamuliwa tena. Kimea nacho hubakiza takriban lita 1 ya maji kwa kila kilo, na maji hayo ni woti nzito ambayo ingekuwa hasara kuitupa. Zipo njia mbili. Ya kwanza ni kumwagilia maji ya moto juu, kidogo kidogo, huku woti ikitoka chini kwa kasi ileile, ukihakikisha maji yanakaa sentimeta 2 au 3 juu ya machicha. Njia hiyo hutoa sukari nyingi, lakini inataka dakika 45 hadi 60 na tabaka lililo sawa kila mahali, kwani maji hutafuta njia rahisi: hupita kandokando ya ukuta wa deli au kwenye ufa mmoja, na sehemu nyingine ya machicha isiguswe kabisa. Ya pili ni kukamua woti yote ya kwanza, yaani kuiacha itoke yote kwa koki, kuongeza maji kwa mkupuo, kukoroga vizuri, kuacha itulie, kurudishia tena, kisha kukamua. Kwa kuwa unakoroga, mifereji ndani ya machicha haikusumbui. Kwa deli na vifaa ulivyonavyo ningechagua njia ya pili bila kusita, na sukari utakayoikosa ni kidogo sana ukilinganisha na usumbufu utakaouepuka.

Hesabu yake kwa kilo zako 5 ni rahisi. Ukilowekea lita 15, kimea kitashika lita 5 hivi na utapata takriban lita 10 za kwanza. Ikiwa unataka lita 27 kwenye sufuria ili baada ya kuchemsha ubaki na 23 hivi, unahitaji lita 17 za kusuuzia. Zigawe mara mbili, lita 8.5 kila mara. Hapa ndipo wengi hukosea kuhusu joto. Ushauri unaoenea ni maji ya nyuzijoto 76 au 77, na ni sahihi kwa anayemwagilia mfululizo. Kwako, machicha yaliyokamuliwa yatakuwa yameshuka hadi kama nyuzijoto 65, na maji ya 76 yatakupa mchanganyiko wa 71 tu. Mkupuo wa kwanza uwe na maji ya nyuzijoto 83, ili mchanganyiko ufike karibu na 75. Wa pili uwe 77, kwa kuwa machicha yatakuwa yameshapata moto. Kinachopaswa kutozidi 77 ni joto la machicha yenyewe, na hilo lipime kwa kipimajoto kilichochomekwa katikati, si juu. Joto hilo huilainisha woti ikapita kwa urahisi, na hiyo ni sababu nyingine kwa nini maji yaliyopoa huchangia kuziba.

Ngano yako pia ina mchango wake. Punje ya ngano haina ganda linalobaki nayo baada ya kupurwa, kwa hiyo kilo hiyo moja huongeza utelezi bila kuongeza chujio. Changanya gramu 150 hadi 200 za kumvi za mpunga zilizooshwa, ambazo maduka ya vifaa vya kupikia bia huko uliko huziuza, na tofauti utaiona. Hazina ladha wala sukari. Ukija siku moja kujaribu kimea cha ulezi au cha mtama kama kile cha busaa, kumvi hazitakuwa hiari tena, kwa sababu nafaka hizo nazo hazina ganda la kuchujia, na wanga wa mtama huhitaji joto la juu kuliko wa shayiri ili ulainike.

Kama unasaga mwenyewe, acha nafasi ya milimita 1 hivi kati ya roli za kinu, na kabla ya kusaga nyunyizia kimea cha shayiri maji mililita 80 kwa hizo kilo 4, kichanganye kwa mkono, usubiri dakika 15. Ganda hulainika, likapasuka bila kupondeka, na kiini kikasagika vilevile.

Mtiririko ukikatika tena, usikimbilie kukoroga chote. Funga koki kwanza, kisha angalia juu ya machicha: mara nyingi utaona utando wa kijivu unaonata kama ugoro uliolowa, ambao ni mchanganyiko wa protini na unga laini. Ukate kwa kisu kirefu, mistari ya kupishana, bila kufika robo ya chini ya tabaka, usubiri dakika 5 na ufungue koki kidogo sana. Isipotiririka, unganisha mpira kwenye koki na usukume lita 2 za maji ya nyuzijoto 77 kutoka chini kwenda juu, ili machicha yainuke kutoka kwenye sahani. Maji hayo uyatoe katika hesabu ya kusuuzia. Kukoroga chote ni hatua ya mwisho, na ukilazimika kuifikia, anza upya: dakika 10 za kutulia na kurudishia hadi maganda yaishe.

Kwenye mkupuo wa pili, poza sampuli ndogo ya woti na uipime. Haidromita, yaani kipimo cha wingi wa sukari katika woti, ikisoma chini ya 1.010, au pH (kipimo cha uchachu, ambacho hupanda uchachu unapopungua) ikipanda juu ya 5.8, funga koki hata kama sufuria haijajaa, kwa maana kuanzia hapo sukari inayotoka ni kidogo na tanini huongezeka. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa maji ya kisima yenye bikaboneti nyingi, yaani chumvi zinazopunguza uchachu, na matone machache ya asidi laktiki katika maji ya kusuuzia, hadi pH yake ifike 5.5 au 6, huiondoa. Lita zitakazopungua, zijazie kwa maji ya kawaida moja kwa moja kwenye sufuria.