Maswali ya Wasomaji: Je, maulizo ya hifadhidata yapewe majina?

SWALI: Ndugu Mhariri, ninatunza mfumo wa SACCOS moja hapa Morogoro, ulioandikwa kwa Java na kutumia Hibernate, maktaba inayounganisha programu na hifadhidata. Ulizo (query, yaani agizo la kutafuta data) la mikopo iliyochelewa kulipwa limenakiliwa sehemu kadhaa: kwenye ripoti ya meneja, kwenye ripoti ya bodi, na kwenye kazi ya usiku inayowatumia wanachama ujumbe wa kuwakumbusha deni. Uongozi ulipoamua kwamba mikopo iliyofutwa isihesabiwe tena, nilirekebisha ripoti ya meneja, lakini ile ya bodi ikabaki na sharti la zamani, na kikao kizima kikaishia kubishania tofauti ya takwimu. Mwenzangu ananishauri nitumie maulizo yenye majina, na anasema mfumo utaongezeka kasi pia. Je, ni kweli?

JIBU: Ndugu msomaji, mwenzako amekushauri vyema, ila sababu ya kasi uliyopewa si yenye uzito. Faida kubwa ya kulipa ulizo jina ni ile ile uliyoikosa katika kikao cha bodi, yaani kuwa na sehemu moja tu ambamo imeandikwa maana ya mkopo uliochelewa, ili kila anayeihitaji, awe mwandishi wa ripoti au wa kazi ya usiku, aifuate hapo badala ya kuitunga upya kwa kumbukumbu yake.

Utaratibu huu umo katika JPA, yaani kanuni za Java za kutumia hifadhidata ambazo Hibernate huzifuata, tangu toleo lake la kwanza la mwaka 2006. Ulizo huandikwa juu ya klasi inayowakilisha jedwali, na kwa mfumo wako lingeweza kuwa hivi:

@NamedQuery(name = "Mkopo.uliochelewa",
query = "SELECT m FROM Mkopo m WHERE m.mwishoWaKulipa < :leo AND m.salio > 0 AND m.umefutwa = false")

Kisha popote linapohitajika, huitwa kwa jina lake:

em.createNamedQuery("Mkopo.uliochelewa", Mkopo.class).setParameter("leo", leo).getResultList();

Tazama kwamba tarehe ya leo inaingizwa kama parameta, yaani thamani inayotolewa wakati wa kuita ulizo, ingawa lugha ya maulizo ya JPA ina CURRENT_DATE. Nimeiweka hivyo kwa makusudi. Ripoti ya bodi mara nyingi huombwa kwa tarehe iliyopita, kwa mfano mwisho wa robo mwaka, na ulizo linalojichukulia tarehe ya siku lenyewe haliwezi kujibu ombi hilo wala haliwezi kujaribiwa kwa urahisi. Uamuzi wa namna hii, yaani kipi kibaki imara ndani ya ulizo na kipi kitoke nje kama parameta, ndio unaostahili muda wako kuliko kitu kingine chochote katika kazi hii. Sharti la salio na lile la mikopo iliyofutwa ni sehemu ya maana ya mkopo uliochelewa, kwa hiyo yamebaki ndani ambako hakuna atakayeyasahau. Tarehe hubadilika kulingana na anayeuliza, kwa hiyo imetoka.

Faida ya pili, ambayo naithamini sana, ni kwamba Hibernate hukagua maulizo yenye majina wakati programu inapowashwa, na ukaguzi huo umewezeshwa tangu mwanzo bila wewe kufanya lolote. Tuseme kesho mtu anabadilisha jina la sehemu mwishoWaKulipa katika klasi ya Mkopo na kusahau ulizo. Programu itakataa kuwaka na itataja jina la ulizo lenye kasoro. Lau ulizo hilo lingekuwa matini iliyofichwa ndani ya kazi ya usiku, kosa lingejitokeza saa nane za usiku, pengine siku kadhaa baada ya mabadiliko, wakati aliyeyafanya amekwisha kusahau alichogusa. Kwa mfumo unaoshika fedha za watu, kosa linalojulikana asubuhi kabla ya kuhudumia mwanachama yeyote ni nafuu kubwa.

Kuhusu kasi, ni kweli kwamba Hibernate hutafsiri ulizo kuwa SQL, lugha ya hifadhidata, na kuihifadhi tafsiri hiyo ili isirudie kazi, lakini hufanya hivyo hata kwa maulizo yasiyo na majina, mradi matini yake isibadilike. Kinachoharibu akiba hiyo ni tabia ya kuunganisha thamani ndani ya matini, kwa mfano kubandika namba ya mwanachama moja kwa moja katika ulizo, kwa kuwa kila namba huzaa matini mpya inayotafsiriwa upya. Tabia hiyo ina hatari kubwa zaidi: anayeandika maneno kama ' OR '1'='1 kwenye kisanduku cha kutafutia anaweza kuligeuza sharti lako na kuona rekodi za wote. Ulizo lenye jina, kwa sababu matini yake imefungwa mapema, hukulazimisha kutumia parameta.

Ukiona ripoti yako inachelewa, chunguza kwanza kama safu ya tarehe ya mwisho wa kulipa ina faharasa (index) katika hifadhidata. Halafu washa kumbukumbu (log) za SQL uhesabu maulizo yanayotumwa. Ikiwa ripoti inaonyesha mikopo 300 ya wanachama 300 tofauti pamoja na majina yao, inawezekana kabisa kwamba linatumwa ulizo moja la mikopo na kufuatiwa na mengine 300 ya kuwatafuta wanachama mmoja mmoja. Kuongeza JOIN FETCH m.mwanachama ndani ya ulizo huyarudisha yote hayo kuwa ulizo moja. Jina peke yake halitakusaidia hapo.

Angalizo kuhusu majina yenyewe: JPA huyatambua kwa mfumo mzima, si kwa klasi moja moja, na ndiyo sababu nimetanguliza neno Mkopo na nukta. Maulizo mawili yakiitwa «wote» tu, yatagongana. Aidha, jina unaloliandika mahali pa kuita halikaguliwi wakati wa kuwasha. Ukikosea herufi moja, kosa litatokea pale tu mstari huo utakapofikiwa. Liweke jina katika konstanti moja, ulitumie kwenye anotesheni (ile @NamedQuery) na kwenye kila mwito. Wanaotumia Jakarta Persistence (jina jipya la JPA) 3.2, iliyotoka mwaka 2024, hutengenezewa konstanti hizo na zana yenyewe. Na ikiwa mfumo wako unatumia Spring Data, methodi iitwayo uliochelewa katika hazina (repository) ya Mkopo italitafuta ulizo la «Mkopo.uliochelewa» bila wewe kuandika mwito wowote.

SWALI: Nimeyapenda maulizo yenye majina, lakini ukurasa wetu wa kutafuta wanachama unaruhusu kuchuja kwa jina, tawi, jinsia na mwaka wa kujiunga, na mtumiaji anaweza kujaza baadhi tu ya visanduku. Nimejikuta ninaandika ulizo kwa kila mchanganyiko. Nifanyeje?

JIBU: Acha mara moja. Vichujio vinne ambavyo kila kimoja chaweza kujazwa au kuachwa vinatoa michanganyiko 16, na kichujio cha tano kitaifanya kuwa 32. Ulizo lenye jina limekusudiwa swali ambalo umbo lake halibadiliki. Kwa ukurasa kama wako, tumia Criteria API, iliyoongezwa katika JPA 2.0 mwaka 2009, ambayo hukuwezesha kujenga sharti moja moja kwa kadiri visanduku vilivyojazwa, huku thamani zikibaki parameta. Wapo wanaokwepa kazi hiyo kwa kuandika ulizo moja lenye masharti ya namna ya (:tawi IS NULL OR m.tawi = :tawi). Kwa jedwali dogo halina ubaya, lakini jedwali likikua, hifadhidata nyingi hushindwa kutumia faharasa vizuri mbele ya masharti hayo, nami singelipendekeza kwa chama kinachotarajia kuongeza matawi.

SWALI: Msimamizi wetu wa hifadhidata angependa kurekebisha maulizo bila kugusa msimbo wa Java. Inawezekana?

JIBU: Inawezekana. Ulizo lenye jina lile lile likiandikwa katika faili ya mipangilio ya JPA iitwayo orm.xml, ndilo litakalotumika badala ya lile la kwenye anotesheni, na hakuna haja ya kukompaili klasi upya, ingawa programu itabidi iwashwe tena. Mwambie tu kwamba akiandika SQL halisi kwa njia ya named-native-query, ukaguzi wa wakati wa kuwasha nilioueleza hapo juu hautamfaa, kwa maana Hibernate haiijaribu SQL hiyo mpaka ulizo litakapoitwa. Kila ulizo la namna hiyo liwe na jaribio lake linaloliendesha dhidi ya hifadhidata ya majaribio kabla ya toleo jipya kupelekwa kwa watumiaji.