Oktoba hii anza na kuku, punda watasubiri

Dada, umeuliza uanze na kazi ipi hapo Uyui, Tabora, kabla mvua hazijafika, una kuku thelathini wa kienyeji na punda wawili. Chanjo ya kideri (Newcastle, ugonjwa wa kuku) kwanza, mengine baadaye. Huu ugonjwa hupenda kuzuka miezi hii ya joto, na ukishaingia bandani hauna dawa. Ile chanjo ya matone ni tone moja jichoni, kuku mzima na kifaranga sawa. Laza kichwa upande, dondosha, ngoja apepese jicho ndipo umwachie. Rudia kila miezi mitatu. Fanya alfajiri kabla hujawafungulia. Mimi niliwahi kuanza saa nne, nikamaliza uani kwa jirani.

Siku hiyohiyo toa samadi yote, ipeleke shambani. Usiku mulika nyufa za banda kwa tochi: ukiona vidoa vyekundu vinatembea, huo ni utitiri. Sugua majivu humo, na kwenye viota pia.

Punda wakague kwato kabla ya matope, chokonoa uchafu uliokwama. Mwenye kidonda mgongoni kwa kubeba madumu kiangazi chote, mpumzishe kabisa mpaka kipone, la sivyo wakati wa kulima utabaki na mmoja.

Na huyo shemeji anayetaka farasi, mwambie mapori yetu ya miombo yana mbung'o. Nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, humwangusha farasi upesi. Punda angalau huvumilia.