Mkuu, ishushe hiyo picha ya joho kabla hujafungua kibanda

Usiitundike. Nimesoma uzi wako mara mbili, chai ikapoa mezani. Una digrii ya rasilimali watu, umesota nyumbani miaka miwili, sasa umepata kazi ya kukaa kwenye kibanda cha miamala ya simu kwa laki mbili kwa mwezi. Unauliza mambo manne: wateja wakorofi, mshahara, deni la Bodi ya Mikopo, na kama digrii uiandike kwenye CV. Hayo sawa. Ila pale mwishoni unaposema utatundika picha ya mahafali kibandani "ili wateja wajue wanaongea na nani", hapo ndipo moyo umenilipuka. Mimi nilitundika. Ilinigharimu 880,000.

Mimi ni B.Com ya Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwaka 2021 nikaingia kibandani Kimara Mwisho, mshahara 180,000. Wiki moja kabla ya kuanza nilikwenda kwenye semina ya kujitambua, kiingilio elfu ishirini, ya kukopa. Bwana mmoja wa suti ya kubana akatuambia, "Usiifiche thamani yako, ivae!" Tukapiga makofi. Huyo bwana namtafuta mpaka leo. Thamani nikaivaa, akaja mtu akanivua.

Mwezi Julai mwaka huohuo zikaanza zile tozo za miamala. Unazikumbuka. Watu wakikatwa, anayetukanwa ni wakala, kana kwamba bajeti niliisoma mimi kule Dodoma. Mzee mmoja akaniita mwizi. Mimi, badala ya kunyamaza, nikaanza kumfundisha sera za kodi, na kidole nikakinyoosha kwenye picha ya joho. Mzee akaitazama picha, akanitazama mimi, akasema, "Kumbe msomi? Ndiyo maana umeishia humu." Foleni nzima ikacheka. Na mimi nikacheka, ningefanyaje. Lakini kuanzia siku ile nikawa na njaa ya mteja atakayeniheshimu.

Akaja, mwaka uliofuata. Saa kumi na mbili jioni, mwendokasi imeshusha watu, dirisha limejaa mikono. Mkaka wa shati jeupe, kalamu mfukoni, bahasha ya kaki mkononi. Hakuniangalia mimi, aliangalia picha. "Ah, kaka, na wewe wa Mlimani? Ulikaa Mabibo?" Tukapiga stori za hosteli ya Mabibo, za kugombea viti kwenye kumbi za Yombo. Mkuu, kwa mara ya kwanza ndani ya mwaka mzima kuna mtu anaongea na mimi kama mtu.

Anataka kumwekea mtu 900,000. Akanipa noti tisini za elfu kumi, wekundu wa Msimbazi watupu. Nikazihesabu vizuri kabisa, zote halali. Nimeanza kuandika namba, akaniambia, "Samahani kaka, hiyo nadhani ni laini yake ya zamani, hebu lete kwanza nimpigie." Nikamrudishia. Akazitia kwenye bahasha mbele ya macho yangu, akapiga simu, akaongea, akanirudishia bahasha, akanisomea namba mpya.

Mkono wangu ulienda kwenye bahasha. Naapa ulienda. Akacheka kidogo, ile ya kirafiki: "Kaka, mtu na B.Com yako unahesabu hela ileile mara mbili? Hayo tuwaachie wa darasa la saba."

Nikaona aibu. Aibu, mkuu! Bahasha nikaisukumia kwenye droo, nikabonyeza, nikaweka namba ya siri. Simu yake ikalia. Akanipa mkono, akasema kuna ofisi moja atanisemea. Nikamwambia asante. Yaani mtu ananiibia na mimi namshukuru.

Nusu saa baadaye mama mmoja anataka kutoa laki, nafungua bahasha. Juu noti moja nyekundu, chini noti moja nyekundu. Katikati ni matangazo ya mganga, yale ya kubandikwa kwenye nguzo za umeme, yamekatwa kwa wembe saizi ya noti. Mvuto wa mapenzi, kurudisha mali iliyoibiwa. Namba ya mganga ilikatwa katikati, la sivyo ningempigia.

Nikapiga huduma kwa wateja. Pesa hurudishwa kama bado ipo kwenye laini, na kwenye laini ile haikuwepo hata mia. Polisi nikapewa RB, ile namba ya taarifa, naitunza ndani ya bahasha ileile. Tajiri hakunifukuza. Alinikata 80,000 kila mwezi, miezi kumi na mmoja. Sasa toa mwenyewe uone nilikuwa nabaki na ngapi, halafu nilipe chumba Kimara.

Kilichonimaliza ni dada wa kibanda cha tatu kutoka kwangu. Darasa la saba, hajawahi kupigwa hata buku. Kumbe yule jamaa alianzia kwake! Dada akahesabu, jamaa akaomba azishike tena, dada akamwambia, "Ukizichukua, nenda nazo." Hakuinua hata macho. Mimi mwenye cheti cha ukaguzi wa hesabu ndiye nilifuatwa, kwa sababu nilikuwa nimebandika ukutani mahali pa kunishika.

Kwa hiyo shika hili moja, mengine utayakuta hukohuko: hela ikishagusa tena mkono wa mteja, ni hela mpya. Hesabu upya kuanzia noti ya kwanza, mezani, mdomo umefunga, hata kama ni mchungaji wako, hata kama ni mama mkwe. Akikuambia hujasoma, mwambie ndiyo mjomba, sijasoma, huku unahesabu. Wakorofi unaowaogopa wala hawana shida. Anayekutukana anataka hela yake aondoke. Yule aliyenitukana kwa tozo hakunila hata shilingi, na bado anakuja kutoa kwangu, sasa hivi nina kibanda changu.

Bodi ya Mikopo wanakata asilimia 15 ya mshahara wa msingi, kwa laki mbili yako ni elfu thelathini, mwajiri ndiye anapeleka. Ila kama tajiri wako ni kama wa kwangu, wa kuandika mishahara nyuma ya risiti ya luku, sijui atapeleka nini. Muulize kwanza hela ikipotea analipa nani. Mimi sikuuliza.

Mengine uliyouliza nimeshasahau na siwezi kupanda juu kutafuta, kuna mama anagonga ufunguo kwenye kioo. Anaweka elfu hamsini. Anasema kashazihesabu yeye, nisimcheleweshe, daladala inaondoka. Nahesabu.